Moto maabarani: Sweta, maji na mlango huamua nani atapona

Na MWANDISHI WETU

JUMATATU ya Desemba 29, 2008, wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha California, mjini Los Angeles, Marekani, walikuwa makwao kwa likizo ya Krismasi. Lakini katika orofa ya nne ya jengo moja la sayansi chuoni humo, msichana wa miaka 23 alikuwa kazini. Jina lake lilikuwa Sheharbano Sangji, na marafiki walimwita Sheri.

Alikuwa amepata shahada ya kemia mwaka huo huo na kuajiriwa katika maabara hiyo mwezi Oktoba, huku akipanga kwenda kusomea uanasheria. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuhamisha kiowevu kiitwacho butililithiamu kutoka chupa moja hadi nyingine kwa sirinji ya plastiki. Kiowevu hicho hakingoji kiberiti. Kikigusana na hewa tu, huwaka.

Kile kijiti cha ndani cha kusukumia sirinji kilichomoka. Kiowevu kikamwagika na kuwaka. Chupa ya hekseni, ambayo hushika moto upesi kama petroli, ilikuwa wazi hapo karibu nayo ikapinduka. Moto ukashika mikono ya Sheri, kisha sweta yake.

Alikuwa amevaa glavu nyembamba za mpira. Koti la maabara hakuwa nalo. Sweta yenyewe ilikuwa ya nyuzi za viwandani, zile ambazo huyeyuka zinapoungua. Mwenzake alikimbia akajaribu kuuzima moto kwa koti lake, kisha akamwagia maji ya sinki. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na shawa ya dharura, ile ambayo mtu huvuta mnyororo na maji humiminika kwa wingi. Haikutumiwa.

Sheri aliungua karibu nusu ya mwili. Alifariki Januari 16, 2009, siku 18 baada ya ajali.

Huenda msomaji wa Nairobi, Kisumu au Eldoret akauliza kisa hiki cha ng'ambo kinamhusu vipi. Kinamhusu kwa sababu ni miongoni mwa ajali za maabara ya chuo kikuu zilizochunguzwa kwa kina zaidi duniani, na kilichogunduliwa si siri ya wanakemia. Kemikali ndiyo iliyoanzisha moto, hilo halina ubishi. Lakini kilichomaliza maisha ya msichana yule ni mambo ambayo hata mama mboga anayaelewa: alivyovaa, na maji yaliyokuwa karibu lakini hayakumfikia kwa wakati.

Tena jambo lenyewe lilikuwa limeonekana mapema. Wakaguzi wa usalama wa chuo hicho walipita katika maabara hiyo Oktoba 2008, miezi miwili kabla ya ajali, wakaandika kwamba wafanyakazi hawakuwa wakivaa makoti. Desemba ilipofika, kasoro zilizoandikwa zilikuwa bado hazijarekebishwa zote. Idara ya usalama kazini ya jimbo la California ilikitoza chuo faini ya zaidi ya dola 31,000, na mwishoni mwa 2011 chuo na profesa aliyeongoza maabara wakafunguliwa mashtaka ya jinai. Mashtaka dhidi ya chuo yaliondolewa 2012 baada ya kukubali kuimarisha usalama na kutoa ufadhili wa dola 500,000 wa masomo ya sheria kwa jina la marehemu. Profesa naye, mwaka wa 2014, alikubaliana na kiongozi wa mashtaka kwamba atafanya saa 800 za kazi ya kuhudumia jamii na kulipa dola 10,000 kwa kituo cha kutibu majeraha ya moto.

Karatasi ya wakaguzi ilikuwepo, basi. Koti ndilo halikuwepo.

Hesabu ya sweta

Madaktari wana njia rahisi ya kukadiria mtu ameungua kiasi gani. Mkono mmoja mzima, kuanzia bega hadi vidole, huhesabiwa kuwa asilimia 9 ya ngozi ya mwili. Kichwa ni asilimia 9 pia. Mguu mmoja ni 18, kifua pamoja na tumbo 18, na mgongo 18. Kwa jeraha dogo hutumia kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni kama asilimia moja.

Sasa jumlisha mikono miwili, kifua na tumbo, na mgongo. Utapata asilimia 54. Hilo ndilo eneo ambalo sweta hufunika. Sweta ikishika moto na isizimwe, mtu anaweza kuungua nusu ya mwili kabla moto haujagusa suruali yake.

Hatari ya kuungua kiasi hicho haiishii kwenye maumivu. Ngozi ndiyo inayozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Ikiharibika, mishipa midogo ya damu huvuja, na katika siku ya kwanza mgonjwa hupoteza maji mengi kiasi cha figo kushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana mtu mzima aliyeungua zaidi ya asilimia 15 au 20 huwekewa maji ya mishipa mara moja. Akivuka hapo, hatari ya pili hungoja: vijidudu huingia katika nyama iliyo wazi na kusambaa katika damu. Mgonjwa anaweza kuongea na jamaa zake siku ya kwanza, wakadhani amenusurika, kisha hali ikabadilika wiki ya pili. Wauguzi wa wodi za majeraha ya moto wanaijua vyema hali hiyo.

Hapa ndipo suala la kitambaa linapoingia. Pamba huungua, lakini huungua ikawa majivu. Poliesta, nailoni na akriliki huyeyuka kwanza, zikawa kama plastiki ya moto iliyomwagwa juu ya ngozi, na kuzibandua ni kubandua ngozi pia. Ukizuru soko la Gikomba ukazisoma lebo za sweta na jaketi za mitumba, utakuta nyingi ni poliesta au akriliki. Si kosa la mtumba. Hata za dukani ni hivyo hivyo. Kwa baridi ya Julai hazina ubaya. Mbele ya mwako wa gesi ni jambo jingine.

Koti la maabara linalofaa ni la pamba tupu, lenye mikono mirefu, na lifungwe vifungo vyote. Kwa anayeshika kemikali zinazojiwasha zenyewe kama ile ya Sheri, yapo makoti maalumu yaliyotengenezwa yasishike moto. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana kandambili na viatu vya wazi havizuii chochote kinachomwagika. Nywele ndefu zifungwe nyuma. Msichana anayevaa hijabu achague ya pamba na kuingiza ncha zake ndani ya koti, zisining'inie juu ya mwako. Na taitsi za nailoni ndani ya maabara ni hatari hata kama zinaonekana nadhifu.

Wanafunzi wengi watacheka wakisoma haya, kwa sababu wamezoea kuazimana koti moja watu watatu, na mwenye zamu ya kukaguliwa ndiye hulivaa. Wazazi nao hununua kompyuta, simu na godoro mtoto anapoitwa chuoni. Koti hukumbukwa mwisho, na mara nyingi hununuliwa la bei ya chini kabisa, la poliesta, ambalo ni heri asingelivaa.

Lita elfu moja na mia moja

Shawa ya dharura ina masharti yake. Kanuni zinazofuatwa Marekani, na ambazo nchi nyingi huziiga, zinasema mtu aweze kuifikia kwa sekunde kumi, bila mlango uliofungwa wala kizuizi njiani. Ikishavutwa, imwage angalau lita 75 kwa dakika, na iendelee hivyo kwa dakika 15. Bomba la kuoshea macho nalo limwage kwa dakika 15 bila mtu kulishikilia, kwa kuwa aliyemwagikiwa asidi machoni anahitaji mikono yote miwili kufungua kope zake.

Zidisha 75 kwa 15. Ni lita 1,125 kwa mtu mmoja. Yeyote anayeishi Nairobi na anayejua mgao wa maji ataelewa maana ya hesabu hiyo. Shawa iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaa inaweza kuwa pambo siku tatu kwa wiki. Maabara inahitaji tanki lake lenyewe juu ya paa, lisilotumiwa kuoshea vyombo wala vyoo, na mtu wa kulikagua.

Katika maabara moja niliyowahi kutembelea, ambayo sitaitaja, mnyororo wa shawa ulikuwa umefungwa kwa waya juu kabisa, mahali ambapo hata mtu mrefu hafiki. Nilimuuliza fundi wa maabara, mzee mpole aliyefanya kazi hapo miaka mingi, sababu yake.

"Wanafunzi walikuwa wakiichezea, maji yanajaa sakafuni, tena hatuna shimo la kuyatoa," akanijibu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata ukiifungua, dada yangu, sidhani kuna kitu kitatoka."

Simlaumu mzee huyo. Aliyejenga chumba na kuweka shawa bila shimo la maji ndiye aliyeifunga, na waya umekuja baadaye tu.

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Kukimbia hupepea moto. Kama shawa iko hatua chache, aende chini yake na avute. Kama haiko, aanguke chini, afunike uso kwa mikono na kubingirika, na wenzake wamfunike kwa blanketi la moto au koti zito la pamba. Haya ni mambo ya kufanyia mazoezi, kwa kuwa binadamu akishikwa na hofu hufanya lile ambalo mwili umezoea. Katika kisa cha Los Angeles watu wenye shahada kubwa za kemia walikimbilia sinki. Siwacheki. Mtu ambaye hajawahi kuvuta ule mnyororo hata siku moja hatakumbuka kwamba upo.

Mvuke, friji na stima kupotea

Kinachowaka mara nyingi si kiowevu chenyewe bali mvuke wake. Asetoni, ile ile inayotumiwa na akina dada kuondoa rangi ya kucha, hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata ikiwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Etha hufanya hivyo hata kwenye nyuzi 45 chini ya sufuri. Mvuke wa viowevu hivi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa juu ya meza, hushuka sakafuni na kusafiri kimya hadi ukute mwako au cheche upande wa pili wa chumba, kisha moto hurudi mbio hadi kwenye chupa ulikotoka.

Kwa hiyo friji ya kawaida ya nyumbani haifai kabisa kuhifadhia kemikali za aina hiyo. Swichi ya taa yake na kile kidude cha kupima baridi hutoa cheche ndogo kila vinapofanya kazi. Jikoni hazina madhara. Ndani ya friji iliyojaa mvuke wa etha ni kama kuwasha kiberiti. Ziko friji maalumu zisizo na cheche ndani, lakini ni ghali, na kishawishi cha kununua ile ya dukani ni kikubwa, hasa ikiwa itahifadhi pia maziwa ya chai ya wahadhiri. Hilo la maziwa ni kosa jingine juu ya kosa.

Kemikali zenye mvuke hufanyiwa kazi ndani ya kabati la vioo lenye feni inayofyonza hewa na kuitoa nje ya jengo. Hapa kwetu kuna swali ambalo vitabu vya ng'ambo havilisisitizi: stima ikipotea? Feni husimama, mvuke hujaa, na mwanafunzi aliye katikati ya jaribio huendelea kungoja stima irudi. Inaporudi, mashine zote huamka pamoja na cheche zake. Kanuni iwe rahisi: stima ikipotea, zima mwako, funika chupa, chomoa mashine, toka nje.

Cheche haihitaji hata stima. Machi 16, 2016, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, mtafiti mmoja alipoteza mkono pale tangi lenye mchanganyiko wa haidrojeni, oksijeni na kaboni dioksidi lilipolipuka. Gesi hizo zilikuwa chakula cha bakteria waliokuwa wakichunguzwa. Wachunguzi walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa umeme wa msuguano, ule unaokuuma kidogo ukivua sweta ya nailoni wakati wa ukavu.

Nchini Uchina, Desemba 26, 2018, wanafunzi watatu wa shahada za juu walikufa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Jiaotong mjini Beijing. Walikuwa wakitafuta njia ya kusafisha maji machafu yanayovuja kutoka kwa jaa la taka, kazi ya manufaa kwa watu wote. Unga wa magnesi ulichanganywa na asidi ya fosforasi ndani ya mashine, gesi ya haidrojeni ikatokea, na vyuma vya mashine vilivyosuguana vikatoa cheche. Mlipuko wa haidrojeni ukazua mlipuko wa vumbi la magnesi, na vitu vingine vilivyokuwa vimerundikwa humo vikawaka.

Kurundika ni tabia ya maabara nyingi. Kemikali huagizwa kwa wingi kwa sababu bei hupungua, au kwa sababu kuagiza huchukua muda mrefu, na zinapofika huwekwa popote palipo na nafasi, chini ya sinki au kwenye veranda. Iliyo salama ni ile ya kutumika siku hiyo. Nyingine yote ikae katika stoo yake au katika kabati la chuma lililofungwa, asidi mbali na viowevu vinavyowaka, na mitungi ya gesi ifungwe ukutani kwa mnyororo isije ikaanguka na kuvunjika koki.

Katika shule ya upili niliyosomea, ndani ya maabara kulikuwa na ndoo mbili nyekundu za mchanga. Hatukuwahi kuelezwa kazi yake, na paka wa jikoni alizigeuza choo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mchanga mkavu una heshima yake. Moto wa madini kama sodiamu, lithiamu na magnesi ukimwagiwa maji hulipuka, na magnesi huendelea kuwaka hata ndani ya gesi ya kaboni dioksidi inayotoka katika kile kifaa chenye bomba pana jeusi. Moto wa namna hiyo huzimwa kwa mchanga mkavu au unga maalumu. Kifaa cha kuzimia moto kisomwe lebo yake kabla ya siku ya kukihitaji, na anayekitumia asimame akiwa na mlango nyuma yake. Vingi humwaga kwa muda usiofika hata nusu dakika. Kikiisha na moto bado unawaka, kazi yako imekwisha. Toka.

Mlango

Wakenya hatuhitaji kwenda Beijing kujifunza maana ya mlango. Machi 2001 katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa moto ulipoteketeza bweni lao. Lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Lile lilikuwa bweni, lakini maabara zetu nazo zina vyuma madirishani, kwa sababu ambayo kila mtu anaielewa: hadubini na kompyuta huibwa. Mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli kwa sababu hiyo hiyo, na ufunguo huwa kwa askari wa lango, ambaye jioni yuko upande wa pili wa chuo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikubali jambo hilo. Inasema watu wakiwa ndani ya mahali pa kazi, milango isifungwe kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa upesi na kwa urahisi kutoka ndani. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zinataka mazoezi ya kutoka nje yafanywe angalau mara moja kwa mwaka, na ukaguzi wa moto mara moja kwa mwaka pia. Na mwanafunzi asidhani sheria hiyo ni ya walioajiriwa tu. Imeandikwa pia kulinda watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi inayofanywa mahali hapo.

Wizi unaweza kuzuiwa bila kuwafungia watu. Iko milango ya dharura yenye chuma cha kusukuma kwa ndani, isiyofunguka kwa nje. Dirisha moja la vyuma linaweza kutengenezwa kama lango lenye komeo la ndani. Fundi wa jua kali anaweza kulifanya kwa siku moja.

Kuhusu mazoezi, ninajua wapo watakaokumbuka mwaka wa 2015 wakasita. Aprili 12 mwaka huo, siku kumi tu baada ya mauaji ya Garissa, mlipuko wa transfoma ulizua taharuki katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliruka kutoka orofani wakidhani wameshambuliwa. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Novemba 30, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, zoezi la usalama lililofanana mno na shambulizi la kweli liliwafanya watu waruke madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Matukio hayo hayakuwa ya moto wala ya maabara, lakini yanaonyesha jinsi watu wasiojua pa kutokea wanavyojiua wakijiokoa. Zoezi la moto litangazwe, lifanywe polepole mchana kweupe, kila mtu apite kwa miguu yake katika ngazi atakayoitumia siku ya shari, na wahesabiwe uwanjani. Lifti isiguswe.

Katika moshi, mtu ainame karibu na sakafu, ambako hewa bado inapumulika. Gesi ya kaboni monoksidi iliyomo haina harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa na kuchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hupita mlango asiuone. Aliyevuta moshi ndani ya chumba apelekwe hospitali hata kama hana jeraha, kwa maana koo huweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Jambo moja la mwisho kuhusu jengo: mtu asifanye kazi ya hatari peke yake usiku au wakati wa likizo. Wanafunzi wa shahada za uzamili hufanya hivyo sana, kwa kuwa mchana mashine zina foleni. Sheri alikuwa na mwenzake karibu, na bado dakika zile hazikutosha.

Akishaungua

Moto ukizimwa, jeraha lipozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya bomba yanatosha. Barafu isitumiwe, huumiza ngozi zaidi. Dawa ya meno, mayai, mafuta ya kupikia, asali na unga wa ngano vikae jikoni. Daktari atalazimika kuvikwangua kabla ya kuona jeraha. Pete, saa na bangili zitolewe mapema kabla vidole havijavimba. Nguo iliyolegea itolewe, lakini iliyogandamana na ngozi iachwe ilivyo. Jeraha kubwa likishapozwa, mgonjwa afunikwe kwa shuka safi kavu asipigwe na baridi, maana aliyeungua sehemu kubwa hupoteza joto upesi. Malengelenge yasitoboliwe.

Ikiwa ni kemikali iliyomwagika, nguo zote zilizolowa zivuliwe chini ya shawa, haya zikiwekwa kando. Ikiwa ni unga mkavu, upanguswe kwanza kabla ya maji.

Aliyeungua uso, mikono, sehemu za siri au eneo kubwa zaidi ya viganja vyake kumi asikae kwenye zahanati akingoja. Apelekwe hospitali kubwa. Nairobi, Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kitengo cha majeraha ya moto. Na anayempeleka asiende mikono mitupu. Abebe jina la kemikali iliyomchoma, limeandikwa vizuri kwenye karatasi au limepigwa picha kwa simu kutoka kwa lebo ya chupa, pamoja na saa ambayo ajali ilitokea. Hilo ndilo swali la kwanza daktari atakalouliza.